Mguu umenyooshwa, mwendo bado

Wagonjwa wengi wanaoletwa kwangu baada ya upasuaji wa kunyoosha mguu huuliza swali moja kabla hata hawajakaa: nitaacha magongo lini? Wana haki ya kuuliza. Mimi kama mtaalamu wa fiziotherapia huwaomba kwanza wasimame niwatazame. Mguu wenyewe umenyooka na picha ya eksirei inaridhisha, lakini mwenye mguu bado anasimama vilevile alivyozoea: uzito umehamia mguu wa pili, goti lililopasuliwa limekunjwa kidogo, kiwiliwili kimelalia upande. Daktari amebadilisha njia ya uzito kwenye mfupa. Mwendo hakuugusa, na huo ndio kazi ya miezi inayofuata.

Nieleze kwanza kinachofanyika ndani, maana anayejua alichofanyiwa hufanya mazoezi kwa akili. Upasuaji huu huitwa ostiotomia: mfupa unakatwa kwa makusudi karibu na goti na kupangwa upya. Mara nyingi hufanyiwa mtu ambaye bado ana nguvu zake, mwenye matege, ambaye gegedu (tabaka nyororo linalofunika ncha za mifupa) la upande wa ndani wa goti limesagika huku upande wa nje ukiwa mzima. Hata katika goti lisilo na kasoro, upande wa ndani hubeba takribani asilimia 60 hadi 70 ya mzigo wakati wa kutembea. Ukiongeza matege, upande huo unaelemewa. Kwa njia inayotumika sana siku hizi, daktari hukata mfupa wa muundi chini kidogo ya goti akitokea upande wa ndani. Haukati wote. Anabakisha kiasi cha sentimita 1 upande wa nje iwe bawaba, kisha anaufungua taratibu mpaka mstari wa uzito, ule unaotoka katikati ya nyonga hadi katikati ya kifundo cha mguu, usogee kwenye upande ulio mzima. Pengo hushikiliwa kwa bamba la chuma na skrubu. Wengine hutolewa kabari ya mfupa na pengo likafumbwa, na wale ambao magoti yao yanagongana kwa kawaida hukatwa mfupa wa paja, juu ya goti.

Upasuaji huu ulianza kuenea miaka ya 1960, na enzi hizo mtu alifungwa plasta kwa wiki kadhaa. Mabamba ya sasa, ambayo vichwa vya skrubu hujikaza ndani ya bamba lenyewe, yameruhusu watu kukanyaga mapema zaidi. Kwa hiyo usifuate ratiba ya mtu mwingine, hata kama alifanyiwa upasuaji wenye jina lilelile. Wapo wanaoruhusiwa kukanyaga karibu kwa uzito wote baada ya wiki chache, na wapo wanaoambiwa wasubiri wiki 6 au zaidi. Inategemea ukubwa wa pengo, aina ya bamba, hali ya mfupa, na kama ile bawaba ilibaki salama au ilipata ufa. Kabla hujaruhusiwa kutoka hospitali, muulize daktari mambo matatu na uyaandike: nikanyage kwa kilo ngapi, nikunje goti hadi wapi, na mpaka lini.

Kuhusu kilo, nina jambo moja ninalolisisitiza kwa kila mgonjwa. Kuambiwa "kanyaga kilo 20" hakumsaidii mtu asiyejua kilo 20 zinahisi vipi mguuni. Simama kwa magongo yote mawili, weka mguu uliopasuliwa juu ya mizani ya kujipimia, na mguu mzima juu ya ubao wenye kimo sawa na mizani. Tazama mbele, gandamiza mpaka unapodhani umefika, ndipo uinamishe macho usome. Karibu kila mtu hukosea mara ya kwanza. Mwenye hofu anakuwa amegusa tu. Jasiri anakuwa amevuka maradufu na hana habari. Rudia mpaka mguu wenyewe uijue namba hiyo, kisha rudia jioni ukiwa umechoka, kwa sababu mikono ikichoka magongo hubeba kidogo na goti hubeba zaidi. Kumbuka pia kwamba ukitembea, mguu unapotua hulemewa kuliko ukiwa umesimama tu, basi usiende ukingoni mwa kiwango chako.

Wiki mbili za mwanzo ninahangaikia mambo mawili: goti linyooke kabisa, na msuli wa mbele wa paja uamke. Maji na damu vikijaa ndani ya goti, mishipa ya fahamu huuzima msuli huo. Mtu anauamuru ukaze na haukazi, anadhani ni uvivu au woga, kumbe ni mwili unaojilinda. Ndiyo maana kupunguza uvimbe ni sehemu ya mazoezi: mguu uinuliwe juu ya usawa wa moyo, barafu iliyofungwa kwenye kitambaa iwekwe kwa dakika 15 hadi 20, na kifundo kichezwe juu na chini mara nyingi mchana kutwa ili damu isituame.

Zoezi la kuamsha msuli linaonekana dogo mno hadi watu hulidharau. Kaa kitandani mguu umenyooka, taulo lililokunjwa likiwa chini ya kisigino ili nyuma ya goti paelee. Sasa gandamiza nyuma ya goti kuelekea kitandani, ushikilie kwa sekunde 5. Usitazame vidole, tazama pia ya goti. Ikipanda kidogo kuelekea paja, msuli umeitika. Ikibaki palepale huku tako ndilo linalokaza, msuli bado umelala. Weka kiganja juu ya paja, ugonge kwa vidole pale unapotaka pakaze, ujaribu tena. Fanya mara 10, pumzika, na urudie mara kadhaa kwa siku. Ukiweza kuinua mguu mzima bila goti kulegea hata kidogo, umepiga hatua kubwa.

Na tafadhali, usiweke mto chini ya goti. Najua unastarehesha, na ndugu wenye upendo huuweka wakijua wanasaidia. Goti likilala limekunjwa kwa wiki kadhaa, tishu za nyuma yake hujikunyata, na goti linalokosa nyuzi (digrii) chache tu za kunyooka huchechemea kila hatua. Mto ukae chini ya kisigino au shavu la mguu. Kukunja, kwa uzoefu wangu, hurudi kwa urahisi zaidi: vuta kisigino taratibu kuelekea tako ndani ya kiwango ulichopewa, wengi wakianza na nyuzi 90.

Zipo dalili ambazo hazisubiri siku ya kliniki. Shavu la mguu likivimba, likiuma na kuwa na joto, huenda damu imeganda. Ukiongeza kubanwa kifua au kukosa pumzi, hiyo ni dharura. Siku za mwanzo, mguu ukikaza kama jiwe na maumivu yakazidi licha ya dawa, vidole vikifa ganzi au kushindwa kuinuka, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Vivyo hivyo homa, jeraha linalotoa majimaji, au mlio wa ghafla wenye maumivu makali upande wa nje wa goti. Ganzi ndogo kwenye ngozi iliyo jirani na mshono ni jambo jingine: mishipa midogo ya fahamu ya ngozi hukatwa wakati wa upasuaji, eneo hilo huweza kupungua au kubaki, na halizuii mguu kufanya kazi.

Kipindi ninachokiogopa zaidi ni kile cha kati, kati ya wiki ya 6 na mwezi wa tatu. Maumivu yamepungua, mtu amechoka kukaa, na mfupa bado ni mchanga. Pengo hujazwa polepole, likianzia upande wa bawaba kuja upande wa bamba, na pengo kubwa linaweza kuchukua mwaka mzima kujaa. Bamba linabeba kazi ambayo mfupa haujaiweza. Kutokuumwa hakumaanishi mfupa umeunga. Hilo huamuliwa kwa eksirei. Hapa pia ndipo ninapomwomba mvutaji sigara aache, bila kupunguza maneno: sigara huchelewesha mfupa kuunga, na gongo moja la ziada haliwezi kufidia hilo. Mwenye kisukari adhibiti sukari yake kwa bidii ileile anayofanyia mazoezi.

Gongo likibaki moja, lishike mkono wa upande wa pili, mkabala na mguu uliopasuliwa. Wengi hulishika upande uleule wa maumivu, na papo hapo mwili unalala kuelekea huko. Ukilishika upande wa pili, unapunguza kazi ya misuli ya nyonga na kiwiliwili kinabaki wima. Kwenye ngazi, panda ukianza na mguu mzima na ushuke ukianza na uliopasuliwa. Kuacha gongo hilo la mwisho, baada ya daktari kuruhusu uzito wote, mimi siangalii kalenda. Naangalia kama goti linanyooka lote, kama mtu anaweza kusimama kwa mguu huo peke yake bila nyonga ya pili kushuka, na kama anatembea mbele ya kioo bila kuyumba. Ni heri mwezi mwingine na gongo kuliko miaka ya kuchechemea.

Mwenye matege yaliyouma kwa miaka amejifunza mbinu nyingi za kuliepusha goti: kurusha kiwiliwili upande, kugeuza vidole nje, kufupisha hatua. Mbinu hizo hazikukatwa pamoja na mfupa. Wengi huniambia mguu unahisi si wao, kwamba magoti yanakaribia kugusana kuliko zamani. Hiyo ni hali ya kawaida, na hupungua kwa kutembea taratibu mbele ya kioo, kisigino kikitangulia, pia ya goti ikitazama mbele, pamoja na mazoezi ya misuli ya pembeni ya nyonga. Viatu vya zamani vilivyolika ukingo wa nje viache kabisa.

Baiskeli ya mazoezi huja goti likikunja kiasi cha nyuzi 110, kwanza bila ukinzani. Kuogelea ni kuzuri jeraha likishafunga vizuri, ila teke la chura liepuke kwa muda. Kipimo cha kila siku ni asubuhi ya kesho yake: goti likiamka limevimba au lina joto kuliko jana, jana ulizidisha. Kazi ya kukaa mezani wengi huirudia ndani ya wiki 4 hadi 8. Kazi ya kubeba na kupanda huhitaji miezi 3 hadi 6. Kukimbia na michezo ya kuruka si kabla ya miezi 6, na tena eksirei ikikubali. Gari usiendeshe ukiwa bado kwenye dawa kali za maumivu, au kabla hujaweza kukanyaga breki ya ghafla kwa nguvu bila kusita.

Gegedu lililosagika halirudi kuwa jipya. Unachopata ni maumivu kupungua na goti lako mwenyewe kuendelea kufanya kazi, mara nyingi kwa miaka 10 au zaidi kabla ya kufikiria goti bandia. Mtu akifika mwezi wa tatu akiwa amekata tamaa, namwambia ajilinganishe na mwezi uliopita, asijilinganishe na jana, kwa kuwa nguvu huendelea kurudi hadi mwaka na zaidi.

Kuhusu bamba: upande wa ndani wa muundi hauna nyama nyingi, hivyo wengine hulihisi likisugua wanapopiga magoti au kulala ubavu. Likisumbua, linaweza kutolewa baada ya mwaka hivi hadi mwaka na nusu, mfupa ukiwa umejaa. Kutembea huanza mapema baada ya hapo, lakini matundu ya skrubu yanahitaji wiki kadhaa kuziba, hivyo kuruka na kukimbia kusubiri. Zoezi la kugandamiza nyuma ya goti lianze tena siku hiyohiyo, kwa sababu msuli wa paja huzimika upya goti likivimba.