Je, wajua kwa nini mbwa wa jirani hubweka zaidi alfajiri?

Saa kumi alfajiri, huku kwetu mlimani Mwanza, kabla ya adhana na kabla ya jogoo, Simba huwa ameshaanza. Simba ni mbwa wa Baba Kulwa, tunapakana ukuta. Hana mtindo wa kubweka mfululizo mpaka akachoka. Anabweka mara nne, ananyamaza kidogo, unaanza kusinzia, anarudia. Mateso yenyewe yako kwenye hicho kimya cha katikati. Feni ikinguruma usiku kucha utalala, maana mlio wake haubadiliki na ubongo unauzoea. Sauti inayokatika na kurudi bila mpango, ubongo unakaa unaingojea.

Mtaani tulikuwa tunasema anabweka bure. Wengine walisema anaona mapepo. Ukweli ni kwamba mbwa anasikia vitu ambavyo wewe huvisikii. Sikio la binadamu linaishia kwenye hertz 20,000 hivi, nalo hupungua umri unavyosogea; la mbwa linavuka 40,000. Na Mwanza usiku haina ukimya kwa mwenye masikio hayo. Nyumba zimebanana na majabali, na majabali yana pimbi wake, wanaoweza kutoka hata usiku mbalamwezi ikiwaka. Paka wanapita juu ya mabati. Panya wanafuata harufu ya dagaa.

Jambo lingine ni kwamba kubweka kwenyewe ni kama lugha iliyokuzwa na maisha ya karibu na watu. Mbwa mwitu wa Ulaya na Asia, ambao ndio ukoo wa mbwa hawa wa nyumbani, wakishakuwa wakubwa hubweka mara chache tu, hasa kutahadharisha. Wetu hubweka kwa kila jambo, na sisi tunawaelewa kuliko tunavyodhani. Watafiti wa Hungaria waliwasikilizisha watu sauti za mbwa zilizorekodiwa, nao wakaweza kukisia vizuri kama mbwa alikuwa anamfukuza mgeni, anacheza, au ameachwa peke yake. Jaribu leo usiku kabla hujaanza kulaani. Sauti nzito, za haraka, zinazofuatana: kuna mtu au mnyama. Sauti nyembamba, moja moja, zenye nafasi katikati: huyo ni mpweke, amefungwa mnyororo tangu asubuhi na hana wa kumsemesha.

Halafu kuna suala la mji wenyewe. Mchana jua linapasha ardhi, hewa ya chini inakuwa ya moto, na sauti inapinda kwenda juu, inapotea. Usiku mambo yanageuka. Ardhi inapoa, hewa baridi inalala chini na yenye joto inabaki juu yake, hivyo sauti iliyokuwa inapaa inapindishwa kurudi chini, kwenye dirisha lako. Daladala zimelala, bodaboda zimepungua, na jabali halimezi sauti, linairudisha. Ndiyo maana mbwa mmoja akianza upande huu wa mlima, wa mlima wa pili anamjibu kama wamekaa uwanja mmoja.

Nilichofanya mimi ni kununua daftari la shule. Kila Simba alipoanza niliandika saa, na anaelekea wapi: getini au nyuma kwenye mawe. Wiki mbili za kwanza sikuona kitu. Ya tatu nikapiga kichwa changu kofi. Kelele za saa kumi zilikuwa zinafuata mwezi wa mbinguni! Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa inafaa usiku wa giza. Mbalamwezi ikishakuwa kubwa, wavuvi wengi wanapumzika. Basi wakati wa giza, akina mama wanaonunua dagaa mwaloni walikuwa wanapita kwenye kichochoro chetu alfajiri kuwahi mitumbwi, na ndoo tupu zikigongana, tochi za simu zikimulika vyuma vya geti la Baba Kulwa. Simba anabweka, wao wanapita zao. Kwa akili yake amewafukuza. Kazi imefanyika, kesho atairudia kwa bidii zaidi.

Ukimpigia kelele "nyamaza!" dirishani, kwake ni kama umekuja kumsaidia.

Nilikwenda kwa Baba Kulwa Jumapili jioni, si saa kumi alfajiri nikiwa na hasira. Nikamwamkia shikamoo, akanipa kigoda, tukaongea ya maji na umeme kwanza. Nilipotaja mbwa akakunja uso: "Huyo ndiye askari wangu, unataka nimtoe?" Nikamfungulia daftari. Akalisoma kimya, kisha akacheka. "Kwa hiyo anawazuia wachuuzi wa dagaa!"

Hatukuhitaji mjumbe wala mwenyekiti wa mtaa, ingawa ndio wa kuwaendea mazungumzo yakishindikana, na daftari la aina hiyo linasaidia kuliko maneno matupu. Tulipigilia bati nusu ya chini ya geti ili asione miguu inayopita. Banda likahamishiwa nyuma ya nyumba. Kulwa na Doto wakapewa kazi ya kumtembeza jioni, maana mbwa aliyelala mchana kutwa kwenye mnyororo usiku ndiyo kwanza amepumzika. Na chakula chake, ugali na vichwa vya sangara, kikasogezwa mpaka saa tatu usiku.

Kuna watu wamenishauri sumu kwenye kipande cha nyama. Hapana. Sumu haichagui, kitakachoila kinaweza kuwa paka, kuku, au mtoto anayeokota kila kitu. Na Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, kwa hiyo unayemtesa mnyama unaweza ukajikuta mahakamani wewe, si mwenye mbwa. Ila sauti ya mbwa ikibadilika ghafla, ikakwaruza, akidondosha mate na kushindwa kumeza, usimkaribie: hicho kinaweza kuwa kichaa cha mbwa. Mpigie afisa mifugo wa kata.

Giza lililopita Simba alibweka mara mbili tu. Mara ya pili nikasikia dirisha la Baba Kulwa likifunguliwa, akamwita jina kwa sauti ya chini, na kule kichochoroni mama mmoja akajibu, "Asante, mzee," ndoo zikaendelea kugongana kuteremka ziwani.