Sharti la CFL ni nini, na kwa nini maji ya kwenye kompyuta "yanalipuka"

Juzi nilikuwa nahesabu maji ya mfereji mmoja wa mpunga huku Mbarali kwenye laptop, mfereji wa kawaida tu, banio linafunguliwa asubuhi maji yanateremka majarubani. Dakika ya kwanza poa kabisa, ya pili kina cha maji kikaanza kupanda na kushuka kama meno ya msumeno, mara mita 40, mara mita elfu tatu (hapo mlima Rungwe wote umezama jamani), halafu skrini nzima NaN (yaani "sio namba", kompyuta imeshindwa hesabu).

Shida ilikuwa sharti la CFL. Iko hivi, kompyuta inaukata mfereji vipande, tuseme kila nusu mita, na muda nao inaukata, na kwenye kila hatua kila kipande kinapata habari kwa jirani yake tu. Chukulia watu wamejipanga kandokando ya mfereji, filimbi ikilia kila mtu anamchungulia wa pembeni yake. Sasa maji yakipita watu watatu kabla filimbi haijalia tena, yule wa tatu yameshamfika magotini ila daftari lake bado linasema pakavu, na hilo kosa kila filimbi linazidi kunenepa.

Walioliona hili ni Courant, Friedrichs na Lewy mwaka 1928, kompyuta zenyewe hizi hazijazaliwa. Chukua kasi, zidisha kwa hatua ya muda, gawanya kwa urefu wa kipande, jibu ndo namba ya Courant, na kwa njia rahisi za kuhesabu isizidi 1.

Mimi hiyo nilikuwa naijua! Maji yangu yanaenda mita 1 kwa sekunde, hatua sekunde 0.4, kipande nusu mita, napata 0.8, nikajiona niko salama. Kumbe kasi inayotakiwa sio ya maji peke yake, habari ndani ya maji inabebwa na wimbi. Kwenye maji ya kina kifupi kasi ya wimbi ni kipeuo cha pili cha 9.81 mara kina, mfereji wangu una sentimita 40 kwa hiyo ni kama mita 2 kwa sekunde, jumlisha ile 1 ya maji inakuwa 3, namba ya Courant inaruka mpaka 2.4. Nikashusha hatua hadi sekunde 0.1, ikatulia tuli.

Na huo ni mstari mmoja tu. Ukitaka maji yanavyozunguka pale Kijungu, mto Kiwira, unahesabu pande zote tatu, ukipunguza kipande nusu vipande vinakuwa mara 8 na hatua mara 2, kazi mara 16, ya saa moja inakula saa 16 na umeme wenyewe ndo huu wetu.

Zipo njia zinazotatua vipande vyote kwa mkupuo, hizo hazilipuki kirahisi, ila ukizipa hatua kubwa mno zinalilainisha wimbi, kwenye skrini maji yametulia kumbe shambani tuta limeshabomoka.