Vidonda vya mdomoni vinavyorudirudi: dawa za Ayurveda zinasaidia?

Vidonda gani hivi?
Ni vile vidogo vyenye weupe katikati na ukingo mwekundu, vinavyotokea ndani ya mdomo, kwenye shavu au pembeni mwa ulimi. Ukinywa maji ya ndimu, machozi yanakutoka. Haviambukizi. Kwa kawaida hupona vyenyewe kati ya siku 7 na 14, na hapo ndipo kila dawa hujipatia sifa: umeitumia siku ya tisa, ya kumi umepona.

Ayurveda inasemaje?
Ayurveda ni tiba ya jadi ya India; waganga wake huviita *mukhapaka* na huvihusisha na kuzidi kwa *pitta*, yaani joto la mwili. Wanalaumu pilipili, vitu vichachu, kukesha na tumbo kufunga. Ndiyo maana mgonjwa wa mdomo anaweza kurudi nyumbani na dawa ya choo.

Wanatibu vipi?
Dawa inayotajwa sana ni trifala, unga wa matunda matatu makavu. Kijiko cha chai huchemshwa kwa vikombe viwili vya maji mpaka kibaki kimoja, kisha huchujwa na kuachwa kipoe. Kuna *kavala*, kusukutua, na kuna *gandusha*: unajaza mdomo mpaka mashavu yatune, unatulia bila kusukutua, na unatema pale macho na pua vinapoanza kutoa maji. Wengine hutafuna majani ya asumini, au hupaka asali, samli, au unga wa urukususu, ule mzizi mtamu.

Zinafanya kazi?
Kupunguza maumivu, inawezekana. Urukususu na manjano vimepimwa katika tafiti ndogo na vimeonyesha nafuu kiasi. Kuzuia visirudi ni habari nyingine. Mimi sioni ubaya wa kusukutua, ila mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe asali, na mwenye presha asimeze urukususu kila siku, kwa sababu hupandisha presha na kushusha potasiamu.

Na vidonge vya kumeza?
Hapo nakuwa mkali. Baadhi ya dawa za Ayurveda hutengenezwa kwa madini kwa makusudi. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walipima dawa za Ayurveda zilizouzwa mtandaoni. Karibu moja kati ya tano ilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Kidonda cha wiki mbili hakistahili sumu ya risasi.

Mbona vyangu havikomi?
Pima damu: madini ya chuma, foleti na vitamini B12. India kwenyewe, ambako mamilioni ya watu hawali nyama, upungufu wa B12 ni jambo la kawaida, na hakuna maji ya kusukutua yatakayouziba. Angalia pia jino lenye ncha linalokukwaruza, msongo wa mawazo, na dawa ya meno yenye SLS, kile kinachotoa povu. Kubadilisha dawa ya meno tu kumewapunguzia vidonda baadhi ya watu.

Niende hospitali lini?
Kidonda kikizidi wiki tatu, kikiwa kigumu ukikigusa, au kikija na homa, kupungua uzito au vidonda sehemu za siri. Anayetafuna tambuu au ugoro asingoje hata hizo wiki tatu: popoo na tumbaku husababisha saratani ya mdomo, na mara nyingi huanza kama kidonda kisichouma.