Seneta wa jimbo: jimbo lipi, seneta yupi?

Barack Obama aliwahi kuwa seneta katika mabaraza mawili tofauti, lakini magazeti yetu huandika "Seneta wa Illinois" kwa yote mawili. Msomaji anabaki akiamini kwamba mtu huyo alikuwa Washington tangu 1997.

Seneta wa jimbo ni mjumbe wa baraza la juu katika bunge la jimbo lake, basi. Bunge la Illinois hukaa Springfield, lina maseneta 59 na wawakilishi 118. Obama aliingia humo Januari 1997 kutoka eneo la uchaguzi la 13, kusini mwa Chicago, huku akiendelea kufundisha sheria chuo kikuu. Sheria yake ya 2003 ya kurekodi mahojiano ya washukiwa wa mauaji ilipita huko. Seneti ya Washington, yenye watu 100, wawili kwa kila jimbo, aliingia Januari 2005.

Kinachotupoteza ni hilo neno "jimbo". Mtanzania akisikia "mbunge wa jimbo" anaelewa aliyepigiwa kura, asiye wa viti maalumu. Kwa Mkongomani jimbo lina gavana. Kwa Mkatoliki lina askofu. Mkenya mzee anakumbuka siasa za majimbo za 1963. Jimbo la Marekani lina katiba yake, mahakama zake na bunge lake, kwa hiyo "mbunge wa jimbo" wa Texas hajakanyaga Washington kikazi. Analipwa dola 7,200 kwa mwaka, na kikao cha kawaida hufanyika mara moja katika miaka miwili, kisichozidi siku 140. Ndiyo maana wengi wao ni mawakili, wafugaji au wafanyabiashara kwanza. Nebraska nayo imezidisha utata: tangu 1937 ina baraza moja tu, na wajumbe wake wote 49 wanaitwa maseneta. (Neno lenyewe linatokana na Kilatini, senex, yaani mzee. Illinois wanaruhusu mzee wa miaka 21.)

Wazanzibari hawababaiki na haya. Anayekaa Chukwani, katika Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, ni mwakilishi, anayekwenda Dodoma, katika Bunge la Muungano, ni mbunge, hata kama wote wawili wamechaguliwa na watu wale wale.

Kwetu sisi wengine, maneno mawili yanatosha, "katika" na "kutoka": hadi Novemba 2004 Obama alikuwa seneta katika bunge la jimbo la Illinois; kuanzia 2005, seneta wa Marekani kutoka Illinois.