Friza haichemshi maji

Joto la Januari likipamba moto Dar, mitaani vinaning'inia vipande vya boksi: "Barafu zipo." Za ukwaju, za ubuyu, za embe. Wengi hutumia maji ya bomba hivi hivi, wakiamini friza itaua vijidudu. Haiui. Nyuzi 18 chini ya sifuri huvilaza tu vingi vyao. Barafu ikiyeyuka mdomoni, vinaamka.

Chemsha maji yatokote walau dakika 1, yapoe, ndipo uloweke ukwaju, ukamue, uchuje. Sukari izidi kidogo ya juisi ya kunywa, maana ulimi ukipigwa na baridi hausikii utamu sawasawa.

Na ule mtindo wa kupuliza kifuko cha barafu kwa mdomo ili kifunguke? Mate nayo yanaganda humo humo.