Je, wajua kwa nini baruti inayowaka kivivu ndiyo inayopasua gobore?

Nilikuwa kijiweni, jirani na soko la Mbuyuni hapa Moshi, nikiangalia video kwenye simu. Mmarekani mmoja amesimama kwenye kiwanja cha shabaha, mbele yake sahani ya bati yenye vilima viwili vidogo vya baruti. Kimoja ni baruti nyeusi ya kale, kingine ni ile isiyo na moshi inayotumika kwenye risasi za leo. Alipogusisha moto, nyeusi iliondoka mara moja, fuu, ikaacha wingu jeupe na doa kwenye sahani. Ile ya kisasa ikawaka manjano, taratibu, kama karatasi ya daftari. Aliyewasha alipata hata muda wa kuigeukia kamera na kucheka.

Nikatoa hukumu papo hapo. Ya kisasa ni dhaifu, nikasema, kwa hiyo mtu akiitia kwenye gobore, ile bunduki ya kienyeji ya kushindilia baruti kwa mdomoni, atapata bunduki salama zaidi, tena isiyomtoa machozi kwa moshi. Pembeni yangu alikuwa mzee mmoja, askari wa wanyamapori mstaafu. Akaweka kikombe chini.

"Kijana wangu, ukishindilia hiyo kwenye gobore, vidole vyako utaviokota mgombani."

Aliwahi kuliona gobore lililofanyiwa hivyo, likiwa kielelezo cha ushahidi. Mtutu, anasema, ulikuwa umefunguka vipande vipande kama ndizi iliyomenywa.

Nilimwamini, ila nilirudi nyumbani na kosa jipya badala ya lile la zamani. Nilijiambia: kumbe baruti ya kisasa imebeba nishati nyingi mno, nyeusi ni mchezo wa watoto. Hilo nalo si kweli. Gramu kwa gramu, isiyo na moshi huizidi nyeusi kwa kiasi tu, wala haifikii mara mbili. Tena zote mbili ni maskini ukizilinganisha na vitu vya jikoni: gramu moja ya mafuta ya taa ina nishati takriban mara kumi au zaidi ya gramu ya baruti yoyote kati ya hizi. Mafuta ya taa huazima oksijeni hewani. Baruti hutembea na oksijeni yake ndani yake, na mzigo huo una uzito. Ndiyo maana huwaka hata ikiwa imefungiwa ndani ya chuma pasipo hewa, jambo ambalo kibatari hakiwezi.

Kwa hiyo swali linabaki pale pale. Kama tofauti ya nishati ni ndogo, na mezani ya kisasa ndiyo mvivu, mtutu unapasuliwa na nini?

Historia yake ni fupi. Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa shura, mkaa na salfa, na ilitawala kwa karne nyingi. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti ya kufaa kwa bunduki kutokana na nitroselulosi, yaani nyuzi kama za pamba zilizotiwa asidi, na kufikia 1886 jeshi la Ufaransa lilikuwa na bunduki ya Lebel ya kuitumia. Afrika Mashariki mabadiliko yalichelewa. Vita ya Tanga, Novemba 1914, iliwakuta askari wengi wa upande wa Wajerumani bado na bunduki za Mauser za muundo wa 1871, za baruti nyeusi, na kila aliyefyatua alijitangaza kwa wingu lake mwenyewe.

Lile wingu lina maana kubwa kuliko kero ya macho. Zaidi ya nusu ya uzito wa baruti nyeusi haiwi gesi kabisa; inageuka vumbi gumu, ndio moshi na masizi. Kinachoisukuma risasi ni gesi. Isiyo na moshi hugeuka gesi karibu yote. Hiyo ni sababu ya kwanza, na peke yake isingetosha kummenya mtu mtutu.

Sababu ya pili ndiyo tamu. Vieille huyo huyo ndiye aliyeonyesha kwamba kasi ya kuwaka kwa baruti hufuata mgandamizo uliopo mahali inapowaka. Chukua mfano wa mbuzi choma. Wavu ukiwa juu, mbali na makaa, nyama inasubiri na wewe unasubiri. Shusha wavu hadi uguse makaa: makaa ni yale yale, nyama ni ile ile, lakini dakika mbili tu imeungua. Chembe ya baruti isiyo na moshi ikiwa mezani, gesi inayotoka juu yake hutawanyika, na mwali hukaa mbali kidogo na uso wa chembe. Wavu uko juu. Ukiifungia, gesi haina pa kwenda, mgandamizo unapanda, mwali unasukumwa karibu na uso wa chembe, na chembe inaungua upesi zaidi. Kuungua upesi kunaleta gesi zaidi. Gesi zaidi inaushusha wavu tena.

Hapo ndipo unapomwona mnyama mwenyewe: jiko linalojipepea. Kwa wasiochoma nyama nitatumia mikopo. Baruti nyeusi ni kama deni la dukani kwa Mangi: leo elfu tano, mwisho wa mwezi elfu tano. Nayo huitikia mgandamizo, lakini kidogo tu. Isiyo na moshi ni ile mikopo ya kausha damu, ambapo riba inazaa riba kabla hujamaliza kuhesabu.

Ukitaka namba, fundi wa tairi barabarani akikuuliza "upepo ngapi?" unamwambia 30, na hizo ni paundi 30 kwa inchi mraba. Bunduki za kushindilia za baruti nyeusi kwa kawaida hufanya kazi chini ya 25,000. Risasi ya .30-06, inayojulikana na kila anayefanya kazi za uwindaji Arusha, imewekewa kikomo cha 60,000, sawa na tairi 2,000 zikisukuma pamoja kwenye nafasi ndogo kama kizibo cha soda. Gobore la kienyeji mara nyingi ni bomba la chuma ambalo hakuna aliyewahi kulipima kwa kazi hiyo, mbali na kwamba sheria ya silaha ya 2015 hairuhusu mtu kujiundia bunduki. Tena mwenye gobore amezoea kupima baruti kwa kifuniko, kwa ujazo. Akijaza kifuniko kile kile kwa baruti ya kisasa, hakuna mtutu wa aina hiyo wa kuuvumilia.

Nisieleweke kwamba nyeusi haipasui. Imepasua, hasa pale risasi isiposhindiliwa hadi chini na nafasi ikabaki kati yake na baruti. Mitutu iliyovimba mahali hapo ipo ya kutosha. Maelezo ya kinachotokea hasa ndani ya nafasi ile bado yanabishaniwa.

Mmarekani wa kwenye video aliishindilia hiyo hiyo ya kisasa kwenye bunduki yake na kupiga shabaha; basi, mbona mtutu wake haukumenywa? Kwa sababu bunduki yake ni ya kale upande mmoja tu, mdomoni. Kampuni ya Savage iliwahi kuuza bunduki iitwayo 10ML, iliyobuniwa na fundi Henry Ball, ambayo hushindiliwa baruti isiyo na moshi kwa mbele lakini ina chuma na komeo la bunduki ya kisasa. Ni kama kuvaa kanzu juu ya suti.

Hata hivyo wenye bunduki hizo hufanya kazi kama wafamasia. Baruti hupimwa kwenye mizani hadi sehemu ya kumi ya greni, na greni moja ni kama gramu 0.065. Huanzia kiwango cha chini kilichotolewa na mtengenezaji, wakapanda kidogo kidogo bila kuvuka cha juu. Kwenye baruti nyeusi ujazo tu unatosha, kwa kuwa deni la Mangi husamehe shilingi mbili tatu. Kwenye kausha damu, tofauti ndogo mwanzoni inatoka kubwa mwishoni.

Tofauti nyingine kubwa ni kukosekana kwa ganda. Kwenye risasi ya kawaida shingo ya ganda hukibana kichwa cha risasi mpaka mgandamizo ujengeke. Bunduki ya kushindilia haina shingo hiyo. Kichwa cha risasi hukaa ndani ya kikombe chembamba cha plastiki, na kinachokishikilia ni kukaza kwa kikombe ndani ya mtutu basi. Kikilegea, risasi inaondoka mapema, nafasi inapanuka, wavu unapanda juu, na baruti inawaka nusu nusu. Kwenye karatasi ya shabaha utaona matundu yamepangana juu na chini. Mtutu ukipata moto plastiki inalainika, kwa hiyo mpigaji anapiga risasi moja, anakaa, anasubiri chuma kipoe, anapiga nyingine. Asubuhi nzima kwa risasi chache namna hiyo, na chai lazima iwepo.

Anachotafuta ni ulinganifu. Kuongeza baruti hakunyooshi risasi. Kiasi kinachotoa mwendo ule ule kila mara ndicho kinachoweka matundu pamoja, hata kama si kikali kuliko vyote. Wapo wanaoongeza kwamba mtutu hutetemeka kama uzi wa zeze na kwamba kipo kiasi cha baruti kinachoikuta ncha yake imetulia. Kutetemeka ni kweli. Kudai umekiona kiasi hicho kwa risasi tatu ni jambo jingine, kwa sababu matundu matatu yanaweza kukaa pamoja kwa bahati tu, na risasi ishirini zinazofuata zikakuumbua.

Yule wa kwenye video alipiga tatu, zikagusana, akaileta karatasi mbele ya kamera na kuiweka hapo muda mrefu. Kisha, sijui kilichomtuma, akapiga ya nne. Ikatoka vidole vitatu kushoto. Akasema ni upepo.