Maana ya "kuchuja" katika tamthilia za misimu

Katika soko la Mbuyuni mjini Moshi, mama anayenunua kitenge humwuliza muuzaji kwanza kama kinachuja, yaani kama rangi itatoka na maji ya kufulia huku kitambaa chenyewe kikibaki kizima. Neno hilohilo hutumiwa na vijana wanaojaziwa tamthilia kwenye flashi wanaposema kwamba "sizoni imechuja". Naona linafaa kuliko "kuharibika", kwa sababu tamthilia iliyochuja bado ina waigizaji walewale na picha nzuri, ila kilichokuwa kikimkeshesha mtazamaji kimetoka. (Mtaani sizoni ni tamthilia nzima, hapa fungu moja la vipindi nitaliita msimu.)

Chanzo kikubwa ni ahadi iliyokwisha kutimizwa. Prison Break ya Marekani, iliyoanza mwaka 2005, ilitoa ahadi kwa jina lake: Michael Scofield anajiingiza gerezani kwa makusudi, ramani ya jengo ikiwa imefichwa katika michoro ya mwilini mwake, ili amtoroshe kaka yake aliyehukumiwa kifo. Msimu wa kwanza, wenye vipindi 22, ulifika hadi walipovuka ukuta. Hadithi iliyobebwa na jina ilikuwa imefika, lakini watazamaji na fedha za matangazo walikuwa bado wapo, kwa hiyo katika msimu wa tatu likatafutwa gereza jingine, nchini Panama. Ni haki kuongeza kwamba msimu huo uliishia vipindi 13 kutokana na mgomo wa waandishi wa miswada, uliodumu kuanzia Novemba 2007 hadi Februari 2008.

Dalili ninayoiamini zaidi ni kifo kukosa uzito. Katika msimu huo wa tatu tulionyeshwa kichwa ndani ya boksi, tukaambiwa ni cha Sara, daktari wa gereza anayependwa na Michael. Msimu wa nne akarudi akiwa hai. Michael naye alikufa mwaka 2009, akafufuliwa tamthilia iliporejea mwaka 2017. Mtazamaji aliyelia mara moja kwa kifo cha namna hiyo halii tena, hata kifo kinachofuata kiwe cha kweli.

Si kila tamthilia ndefu huchuja. Breaking Bad ilidumu misimu mitano, kuanzia 2008 hadi 2013, kwa vipindi 62, nayo ilizidi kukolea, kwa kuwa hadithi yake ilikuwa mabadiliko yenyewe ya mwalimu wa kemia anayegeuka mtengenezaji wa dawa za kulevya. Kila msimu ulikuwa na hatua ya kumsogeza, na hatua zilipokwisha, waandishi waliweka kalamu chini.